Maoni Yetu: Kadi imfuate mtoto

Wazazi wakiachana Palma au Mocímboa da Praia, huku kwetu Cabo Delgado, Msumbiji, ugawaji wa vitu huisha upesi. Sufuria kwa mama, nyavu kwa baba. Godoro huleta maneno kidogo. Mabati, kama nyumba ilikuwa na mabati, huleta maneno mengi, na wazee hukaa mpaka alasiri. Mtoto hutajwa mwishoni, watu wakiwa wameshaanza kutafuta viatu vyao mlangoni, na hutajwa kwa sentensi moja tu: atabaki na mama yake.

Hatuna ugomvi na sentensi hiyo. Mara nyingi ndiyo iliyo sawa. Ugomvi wetu ni kwamba maneno huishia hapo. Haisemwi atakula nini, nani atakaa naye mama akienda kutafuta riziki, cheti chake cha kuzaliwa kimefungiwa sanduku la nani, wala jina lake limeandikwa kwenye kadi ya nani ya mgao wa chakula. Mtoto anaondoka na mama, na vitu vinavyomwezesha kuishi vinabaki kwa baba au kwa kiongozi wa mtaa. Vingine hakuna anayejua viliko.

Tunasema jambo moja. Kadi, cheti na fedha vimfuate mtoto kule anakolala. Akilala kwa mama, viende kwa mama. Akilala kwa baba au kwa bibi, viende huko. Na jambo hilo liamuliwe siku ileile ya kuachana, liandikwe na kutiwa sahihi kabla wazee hawajainuka.

Kuna watakaouliza: karatasi ya nini, wakati wazee wetu waliachana miaka na miaka bila kuandikiana? Swali ni la haki na linastahili jibu. Kwa Wamakonde na Wamakua mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti juu yake. Hata katika nyumba nyingi za Wamwani, mume ndiye aliyehamia upande wa mke. Ndoa ikivunjika, mwanamume alifunga mzigo wake akaondoka, na watoto wakabaki uani palepale walipozaliwa, kwa bibi, mama wadogo na wajomba. Mama akienda pwani au shambani hakuwa na haja ya kumtafuta mlezi, kwa kuwa ua mzima ulikuwa mlezi. Baba akikawia kuleta kitu, mjomba alikwenda kumwona, na mara nyingi aliporudi hakurudi mikono mitupu.

Ua huo umesambaratika. Wapiganaji walioanzisha vita Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 waliuteka mji huo Agosti 2020 na kuushikilia mwaka mzima. Tarehe 24 Machi 2021 wakaingia Palma. Kufikia 2022 watu waliokimbia makazi yao kaskazini mwa Msumbiji walizidi milioni moja. Bibi aliangukia Metuge, mama mdogo Nangade, mjomba Nampula. Wengine walivuka mto Ruvuma kwenda Mtwara, Tanzania, wakarudishwa. Mocímboa da Praia ilipokombolewa Agosti 2021 na watu wakaanza kurejea, walirejea vipande vipande. Leo utamkuta mama wa miaka ishirini na mitano, watoto watatu, katika kiwanja kisicho na shangazi wala jirani wa zamani. Huyo ndiye anayeambiwa wazee wetu hawakuandikiana. Mila haikumkosea. Watu wa kuisimamia mila ndio hawapo karibu naye, na mpaka watakaporudi, karatasi ifanye kazi ya mjomba.

Tuangalie kazi yenyewe, kwa sababu hapo ndipo mambo yanapokwama kila siku. Wanawake wengi wa pwani hii huishi kwa bahari bila kupanda chombo. Huokota kome, huchokoa pweza, hununua samaki mashua zinapoingia, wakakaanga au wakakausha na kuuza. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiwa umeandama, maji hutoka mbali kabisa mnamo saa nne asubuhi. Mwamba hubaki wazi kwa saa mbili tatu, basi. Kesho yake maji huchelewa kwa karibu saa moja, keshokutwa saa nyingine, mpaka yanakuwa maji mafu na hakuna cha kuokota. Kwa hiyo mama ana siku chache katika kila nusu ya mwezi, na katika siku hizo ana saa chache, na saa hizo hazipangi mtu. Hawezi kuiambia bahari ingoje mtoto alale.

Sasa mtoto wa mwaka mmoja na nusu anabaki na nani? Hubebwa mgongoni juani mpaka kwenye mwamba, au huachwa na dada yake wa miaka tisa. Huyo dada alipaswa kuwa darasani. Sheria ya elimu ya 2018 inasema shule ni ya lazima na ya bure kuanzia darasa la kwanza hadi la tisa, lakini sheria haimbebi mdogo wake. Siku za bamvua binti hukosa shule. Mwalimu huandika hayupo. Akikosa mara nyingi, huonekana kuwa hapendi kusoma, na kuanzia hapo safari ya kumwoza haiko mbali, ingawa sheria ya Oktoba 2019 inakataza kabisa kumwoza aliye chini ya miaka 18.

Dawa ya hilo haihitaji mamilioni ya dola. Inahitaji banda lenye kivuli karibu na diko na jingine karibu na soko, maji safi, choo, na akina mama wawili watatu wanaolipwa. Wilaya itoe kiwanja na mishahara. Akina mama wanaoacha watoto hapo wachangie kidogo siku ya kuuza. Jambo moja tunalisisitiza: saa za banda zifuate maji, zisifuate ofisi. Shule ya chekechea inayofunguliwa saa mbili na kufungwa saa tano ni nzuri kwa mtoto wa mtumishi wa serikali. Kwa mtoto wa mwokota kome haisaidii siku ambayo maji yanatoka saa sita. Mashirika ya misaada yamejenga sehemu za watoto kuchezea katika kambi na vijiji vingi, na tunayashukuru, lakini fedha za mradi zikiisha banda hugeuka ghala. Kitu hiki kiwe cha wilaya.

Na baba je? Baba aliyeachana na mkewe hajaachana na watoto. Kama yuko mjini na hana kazi asubuhi hiyo, hakuna aibu yoyote akikaa na watoto saa hizo tatu. Tunalisema wazi kwa sababu tunawajua wanaume wanaotamani kufanya hivyo lakini wanaogopa watachekwa kijiweni. Wakae na watoto wao. Anayewacheka hana la maana la kusema.

Tuje kwenye mshahara. Tangu gesi ilipogunduliwa kwenye bahari ya Rovuma mwaka 2010 na miaka iliyofuata, rasi ya Afungi imekuwa ndiyo jina la kazi katika wilaya nzima. Kazi zilisimama baada ya shambulio la Machi 2021. Mwishoni mwa 2025 kampuni ya TotalEnergies ilitangaza kuondoa zuio lililokuwa limesimamisha mradi wake wa gesi huko Afungi, na sasa vijana wa Palma, Quitunda na vijiji vya jirani wanatafuta tena nafasi kwa makandarasi. Ni habari njema. Lakini kazi ya namna hii ina tabia yake. Mtu huingia kambini kwa zamu ya wiki kadhaa, akalala huko, akatoka na fedha. Akiwa ndani, mtalaka wake hawezi kumfikia. Akitoka, fedha zina njia nyingi za kupita kabla hazijafika kwa mtoto. Tumeona pia ndoa zinazovunjika kwa sababu ya mshahara wenyewe: mtu anapata cha kutosha kuoa mke mwingine, na wa kwanza anaachwa na watoto wanne na ahadi.

Hapa sheria ya Msumbiji ina meno, ila watu hawaambiwi. Sheria ya 2008 inayohusu mashauri ya watoto inairuhusu mahakama kuagiza matunzo ya mtoto yakatwe moja kwa moja kwenye mshahara wa mzazi asiyelipa. Agizo linakwenda kwa mwajiri, mwajiri anakata, fedha zinamfikia mlezi. Hazipiti mkononi mwa baba, kwa hiyo hakuna ugomvi wa kila mwezi wala kusubiriana getini. Tunawataka makandarasi wote wa Afungi wamweleze kila mfanyakazi jambo hili siku anapotia sahihi mkataba, na ofisi zao za mishahara ziwe na mtu anayejua la kufanya agizo la mahakama linapofika. Kampuni inayoweza kupanga chakula na vitanda vya mamia ya watu haiwezi kusema imeshindwa kukata matunzo ya mtoto.

Wanawake nao wanaajiriwa huko, jikoni, kwenye usafi, kwenye ofisi. Sheria mpya ya kazi ya 2023 imempa mwajiriwa siku 90 za likizo ya uzazi badala ya 60 za zamani, na baba siku 7. Ni hatua. Lakini anayefaidika ni yule mwenye mkataba, na mwanamke wa diko hana mkataba. Tena mama akiingia kambini kwa zamu, watoto wanakwenda kwa bibi au kwa baba yao. Basi hapo kanuni yetu igeuke bila upendeleo: kadi na fedha ziende kwa bibi au kwa baba. Hatuandiki haya kumtetea mama dhidi ya baba. Tunamtetea anayepika uji asubuhi.

Tumefika kwenye kadi, na hapa tutakaa kidogo.

Mgao wa chakula katika Cabo Delgado, uwe wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani au wa mwingine, huenda kwa kaya. Kaya huwa na kichwa, na mara nyingi kichwa huandikwa baba. Siku wanapoachana, kaya zinakuwa mbili lakini kadi ni moja. Mama anafika kwenye mgao na watoto watatu na anaambiwa: "Mama, jina lako halimo. Aliyeandikwa ni mumeo." Mume naye yupo kwenye foleni na kadi ya watu watano, ingawa nyumbani kwake analala peke yake, au analala na mke mwingine ambaye naye ana kadi. Anapokea mgao wa watoto wasiokula kwake. Pengine si mtu mbaya. Pengine atawapelekea nusu. Lakini tumbo la mtoto lisitegemee hisani ya mtu aliyekasirika.

Anayeweza kurekebisha orodha ni kiongozi wa mtaa, ambaye huku huitwa chefe, pamoja na watu wa shirika. Na tunajua yaliyotokea kwenye orodha hizi. Mwaka 2021 kituo cha CIP cha Maputo, kinachofuatilia uadilifu katika mambo ya umma, kilieleza jinsi wanawake waliokimbia vita walivyotakiwa kutoa fedha au miili yao ili waandikwe. Mwanamke aliyeachwa ndiye mwepesi kuliko wote kutendewa hivyo. Hana mume wa kumsemea, mjomba yuko mbali, na watoto wana njaa leo. Kumwambia aende kwa chefe peke yake jioni kuomba jina lake liandikwe upya ni kumpeleka kwenye hatari tunayoijua.

Kwa hiyo kubadilisha kadi baada ya kuachana kusiwe ombi kwa mtu mmoja. Iwekwe siku maalumu kabla ya kila mgao, mchana, mahali pa wazi, na mwanamke awe miongoni mwa waandishi. Anayekuja na karatasi ya makubaliano, kadi igawanywe palepale. Asiye na karatasi, majirani wawili washuhudie watoto wanalala wapi. Mume hana haja ya kutoa ruhusa. Tena katika ndoa za wake wengi kila mke mwenye watoto awe na kadi yake tangu mwanzo, kabla ya talaka yoyote. Msaada wenyewe umepungua sana, na baada ya Marekani kufunga shirika lake la USAID katikati ya 2025 hali haikuwa nyepesi kwa mashirika mengi. Kinapokuwa kidogo ndipo kinapotakiwa kufika panapostahili.

Kuna posho ya serikali pia, ile ya msingi inayotolewa na INAS, taasisi ya ustawi wa jamii. Hii watu wengi wanaielewa vibaya. Mama kijana mwenye nguvu hapewi kwa sababu tu ameachwa. Posho hii ni hasa ya wazee, wenye ulemavu na wagonjwa wa muda mrefu wasioweza kufanya kazi. Lakini bibi aliyeachiwa wajukuu anaweza kuwa na haki nayo, na kiwango hupanda kwa idadi ya watu anaowatunza: kwa viwango vilivyowekwa 2018, kutoka meticais 540 kwa anayeishi peke yake hadi 1,000 kwa kaya ya watu watano. Ni fedha ndogo. Hizo 540 hazinunui hata nusu ya gunia la kilo 25 la mchele, na mara nyingi huchelewa miezi. Hata hivyo bibi anayetunza wajukuu wanne na kuandikwa kama mtu mmoja anapoteza karibu nusu ya haki yake kila mwezi kwa sababu hakuna aliyemwambia awataje wajukuu. Wanaotembea nyumba hadi nyumba kwa ajili ya INAS wamuulize bibi swali hili moja: nani analala hapa?

Nani basi aandike makubaliano? Msumbiji haina mahakama ya kadhi yenye nguvu ya dola. Zanzibar wanayo, na sheria yao ya 2017 iliiongezea nguvu ya kuamua hata mgawanyo wa mali za ndoa. Kwetu, shehe au imamu akitoa uamuzi, unasimama kwa heshima yake tu. Hawezi kumwagiza mwajiri akate mshahara. Hilo halipunguzi wajibu wake, linauongeza. Fiqhi ya Shafii, ambayo Waislamu wengi wa pwani wanaifuata, iko wazi: mtoto mdogo hulelewa na mama, na masurufu ni juu ya baba, awe amemwacha mama kwa wema au kwa ubaya. Sura ya Talaka katika Kurani inazungumzia hata malipo ya mama aliyeachwa anayemnyonyesha mtoto. Mambo haya hutajwa kwenye mawaidha. Tunawaomba mashehe wayataje kwenye kikao cha talaka chenyewe, kabla ya kusoma dua, na wasimruhusu mtu aondoke bila kusema kiasi na siku ya kulipa. Na wasikubali kuwa mama akiolewa tena masurufu ya watoto yamefutika. Huenda suala la nani awalee likafunguliwa upya, lakini deni la baba halimfuati mume wa mama.

Karatasi yenyewe haihitaji wakili. Mahakama za jamii, zilizoanzishwa kwa sheria ya 1992, zinaweza kuiandika, na hata kikao cha wazee kinaweza kuiandika na kuipeleka kwao. Iandikwe majina ya watoto kama yalivyo kwenye cheti. Iandikwe wanalala wapi, na siku gani watakuwa kwa mzazi mwingine. Kiasi gani, tarehe ngapi. Vyeti vinakaa kwa nani. Jibu letu ni kwa anayewalaza, kwa sababu ndiye atakayesimama kliniki na kwenye dirisha la shule. Na iandikwe namba ya simu itakayotuma fedha na itakayopokea.

Hilo la simu lisidharauliwe. Baba anayetoa fedha mkononi sokoni na mama anayesema hajapewa wataapiana mpaka kesho. Baba anayetuma kwa M-Pesa au e-Mola ana ujumbe wenye tarehe, saa na kiasi, na mama ana wa kwake. Siku wakifika mbele ya hakimu, ubishi unaisha kwa dakika tano. Inamlinda mama anayedhulumiwa, na inamlinda vilevile baba anayelipa kwa uaminifu na kutangazwa mtaa mzima kuwa halipi. Wapo wa namna hiyo, na tunawaonea huruma.

Ikishindikana, kuna IPAJ, taasisi ya serikali inayotoa msaada wa kisheria bure kwa asiye na uwezo. Mtu huombwa cheti cha umaskini kutoka kwa uongozi wa mtaa wake, na viongozi wakitoe bila kuomba chochote. Wengi hawaendi kwa sababu wanadhani ndoa yao haitambuliwi: walifunga msikitini tu, au walikaa pamoja bila kufunga, au yeye ni mke wa pili. Wasikie vizuri. Sheria ya familia ya 2019 inaweza kuwa na masharti yake juu ya ndoa, na ndoa ya mke wa pili kwa kweli haitambuliwi. Mtoto hana masharti hayo. Aliyezaliwa ndani ya ndoa na aliyezaliwa nje wana haki sawa kwa baba na mama. Mwanamke haendi pale kudai haki ya kuwa mke. Anakwenda kwa niaba ya mtoto, na mlango haufungwi. Wakenya waliliweka jambo hili ndani ya katiba yao ya 2010: baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au hawakuoana.

Linalobaki gumu ni la mpaka. Wavuvi wetu huenda dago, kwenye kambi za uvuvi za mbali, na dago haijui mpaka. Mtu anaondoka Palma na nyavu, anakaa Mtwara miezi sita, anaoa huko, anatulia. Agizo la mahakama ya Cabo Delgado halimfikii kirahisi akiwa Msimbati, Mtwara. Tanzania ina Sheria ya Mtoto ya 2009 na maofisa wa ustawi wa jamii katika halmashauri, na mama anaweza kudai matunzo huko baba aliko, lakini awe na nauli, cheti na mtu wa kumsindikiza. Maofisa wa Mtwara na wa Pemba, mji mkuu wa Cabo Delgado, wanakutana kwa mambo ya usalama na biashara. Waweke na hili mezani. Wakati huohuo, wazee wa madiko ya pande zote mbili wanajuana kwa majina. Ujumbe wa mzee kwa mzee humfikia mvuvi upesi kuliko barua ya serikali.

Kuna pia baba ambaye kweli hana. Alikuwa na mashua, ikachomwa. Bahari imefungwa kwake kwa miezi kwa sababu za usalama. Huyo asisukumwe mpaka akimbie. Apangiwe cha kutoa: samaki siku ya kuvua, daftari na sare Januari, kulima shamba la watoto kabla ya mvua. Iandikwe hivyohivyo, kama wengine wanavyoandikiwa fedha.

Na kuna wale walioachanishwa na vita bila talaka. Mamia ya wanawake na wasichana walitekwa, na wanaume wengi hawajulikani walipo. Mke wa aliyepotea si mjane wala si mtalaka. Kadi bado ina jina la mumewe, na kwenye mgao anatakiwa amlete. Kwake yeye kikao cha kugawana hakijakuwapo na huenda kisiwepo kamwe. Awe wa kwanza kuandikwa upya, kwa jina lake mwenyewe, pamoja na watoto wake, na asiulizwe tena kila mwezi mumewe yuko wapi.

Tunapoandika haya kuna orodha za mgao zinazoandaliwa kwa ajili ya wilaya zetu. Mwenye orodha mkononi apige mstari chini ya kila kaya iliyogawanyika tangu mgao uliopita, aende mchana na mwanamke mwandishi pembeni yake, na aanze kuandika upya kwa kufuata mahali watoto walipolala usiku wa jana.